Kiseyeye bwawani

Ukimvua kambare wa kufugwa ukamkuta amepinda mgongo, usiharakishe kusema kazaliwa hivyo. Mpasue. Ukikuta pingili za uti zimevunjika na damu imevilia kando yake, huenda unautazama ugonjwa uliowaua mabaharia kwa maelfu enzi za matanga: kiseyeye. Baharia aliyeshindia biskuti kavu na nyama ya chumvi kwa miezi aliota vidonda na fizi zikamtoka damu. Kwa samaki ugonjwa huohuo hushika mifupa, kwa sababu bila vitamini C mwili hauwezi kutengeneza vizuri kolajeni, ile gundi inayoushika mfupa usimeguke.

Kabla watu hawajalijua hilo, walipitia kwanza kwenye ini. Miaka ya 1920, vituo vya kuzalisha samaki Marekani viliwalisha trauti nyama mbichi iliyosagwa: maini, wengu na mioyo ya mifugo. Kilikuwa chakula ghali, kinachooza upesi na kuchafua maji. Clive McCay, mtaalamu wa lishe aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Cornell, alitafuta chakula kikavu kitakachoshika nafasi yake. Vifaranga walikila bila shida. Lakini ilipofika kama wiki ya 12, wakaanza kufa. Wenzao waliochanganyiwa ini bichi waliendelea kuishi. McCay na wenzake wakatambua kwamba ndani ya ini mna kitu ambacho chakula kikavu hakina, na mwaka 1928 wakakiandika kwa jina la herufi tu: H. Nampenda mtafiti wa namna hii, anayekubali kuandika kwamba jambo lipo ingawa hajalifahamu. Leo tunajua ini limejaa vitamini za kundi B.

Funzo jingine lilitoka kwa mbweha. Mwaka 1932, kwenye shamba la kufugia mbweha huko Minnesota, wanyama waliolishwa samaki wabichi aina ya kapu walipooza na kufa. Baadaye ilionekana kwamba nyama mbichi ya samaki wa aina hiyo ina kimeng'enya kinachoiharibu vitamini B1, ileile ambayo mtu akiikosa hupata beriberi. Trauti waliolishwa samaki wabichi nao walipatikana na madhara hayohayo. Moto ndio dawa: ukimpika samaki, kimeng'enya kinaharibika.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika magharibi, karibu na mto Columbia. Mabwawa ya umeme yalikuwa yameziba njia ya samoni wanaopanda mto kwenda kutaga, kwa hiyo ikabidi vifaranga wazalishwe kwa mamilioni vituoni, na mamilioni hayo yote yalitaka kula. Kwenye maabara ya serikali katika kijiji cha Cook, jimbo la Washington, John Halver alichagua njia ya subira. Hakutumia ini wala unga wa samaki. Alianza upya na viambato safi: protini ya maziwa, jelatini, wanga, mafuta, madini, na vitamini moja moja kwa kipimo. Kisha akaliondolea kundi moja la samaki vitamini moja, wengine wakabaki na zote, akasubiri aone nini kitaharibika.

Kila pengo lilijionyesha kwa namna yake. Kundi lililokosa asidi ya pantotheniki lilivimba ncha za matamvua, zikagandana, samaki akahema kwa taabu ilhali maji yalikuwa safi. Waliokosa B1 walipoteza mizani na kupatwa na degedege. Waliokosa asidi ya foliki walipungukiwa damu, matamvua yakapauka. Mwaka 1957 Halver alichapisha mahitaji ya samoni wa chinook kwa vitamini zinazoyeyuka katika maji. Tangu hapo mtengenezaji wa chakula aliweza kuacha kubahatisha. Mwaka 1969 Halver na wenzake wakachapisha kazi juu ya vitamini C kwa samoni na trauti: kwa trauti, gramu 100 hivi katika tani nzima ya chakula. Konzi moja ya unga ndiyo inayotenganisha uti ulionyooka na uliovunjika.

Kwa nini basi wafugaji wengi wa kambare hawakuuona ugonjwa huu mapema? Bwawa lenyewe lilikuwa likiwaficha. Samaki wa bwawani hula pia mwani na wadudu, humo anaokota vitamini ambazo mfugaji hakumpa. Tom Lovell wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, alionyesha mwaka 1973 kwamba kambare waliofugwa ndani ya vizimba bila vitamini C katika chakula walipinda migongo. Kizimbani samaki wamesongamana na cha kuokota ni haba, wanategemea kile kinachotoka kwenye gunia la chakula.

Na gunia lenyewe halitunzi vitamini hiyo vizuri. Vitamini C ya kawaida huharibiwa na joto la mashine inayotengeneza tembe za chakula, kisha unyevu na joto la ghala humalizia. Viwanda vilizoea kuizidisha mara kadhaa ili ibaki ya kutosha, hadi zilipopatikana aina zilizofungwa na fosfati, zinazostahimili joto na kukaa muda mrefu zaidi.

Leo vizimba vya sato vimetapakaa Ziwa Victoria, kuanzia Jinja hadi Mwanza, na sato, kama samaki wengi wenye mifupa, hawezi kujitengenezea vitamini C. Chini ya vizimba hivyo, ndani ya tope la ziwa lilelile, anaishi kambare mamba, ambaye Wajaluo humwita kamongo. Huyo huitengeneza mwenyewe, ndani ya figo zake.