Ekru inayolegea na kabari ya shoka

Barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi inapanda kilima kwa kuzunguka, na piki piki inayoipanda na abiria wawili na mizigo yao inatetemeka tangu chini hadi juu. Februari 2024, vita vilipokaribia Sake, familia nyingi za Masisi zilishuka njia hiyo zikitafuta kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo. Wengine kwa miguu, wengine kwa chukudu, wengine kwa piki piki. Mama, mtoto, godoro na sufuria, vyote vilishikwa na buloni chache na ekru zake, zile ambazo watu wa Kenya na Tanzania wanaita nati. Ekru ya gurudumu la nyuma haizidi upana wa vidole viwili. Ikitoka kwenye mteremko, gurudumu linahama mahali pake, na pembeni ya barabara hiyo kuna bonde.

Wamotari wa Masisi na Walikale wanaujua ugonjwa huo. Asubuhi mtu amekaza kwa kle mpaka mkono unauma, jioni ekru inazunguka kwa vidole. Mmoja anamlaumu fundi, mwingine anasema chuma cha siku hizi ni cha bandia. Mara nyingi fundi hana kosa, na chuma pia hakina kosa.

Ili kuelewa, tazama kwanza buloni ni kitu gani. Ule mfuo unaozunguka mwili wake ni barabara ya kupanda kilima, sawasawa na ile ya Masisi, ila imechongwa juu ya chuma. Ekru inapokazwa inapanda barabara hiyo na kuivuta buloni. Chuma kinanyooka kidogo sana, jicho halioni, kama kaucho ya kufungia mzigo inavyovutwa. Ni ule mvuto unaoshika vipande viwili pamoja. Na ekru, kwa kuwa iko juu ya mteremko, siku zote inataka kurudi chini. Kinachoizuia ni msuguano tu, chuma kikigandamana na chuma.

Sasa fikiri lori lililosimama kwenye mteremko wenye matope. Matairi yakishika, halisogei. Lakini likianza kuteleza upande, hata kidogo, papo hapo linateremka pia, kwa sababu tairi linaloteleza halishiki tena upande wowote. Ekru ni hivyo hivyo. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alitengeneza mashine ya kuchunguza jambo hilo, na mwaka 1969 akaandika alichokiona: kinachofungua ekru zaidi ni mtikisiko wa upande kwa upande, kuliko ule wa juu na chini. Vipande vilivyofungwa vinateleza kidogo kushoto na kulia, msuguano unapotea kwa nukta ya wakati, na ekru inateremka hatua moja. Mara elfu moja, hatua elfu moja. Kwenye barabara yenye mashimo hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Inashangaza kwamba maelezo haya yalikuja kwa kuchelewa namna hiyo, maana buloni zenyewe ni za zamani. Kabla ya mwaka 1800 zilichongwa moja moja, na ekru ya buloni hii haikuingia kwenye ile. Karibu na mwaka huo Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza huko London mashine ya kuchonga mifuo iliyo sawa, na mwaka 1841 mwanafunzi wake wa zamani, Joseph Whitworth, akapendekeza kipimo kimoja kwa karakana zote za nchi yake. Tangu hapo ekru iliyopotea ikaweza kununuliwa nyingine. Lakini hakuna aliyekuwa ameipa dawa ya kulegea.

Dawa zilizojaribiwa ni nyingi, na nyingine zingali kwenye kila garaji ya Sake na Walikale. Kuna rondele ya resore, ile iliyokatwa na kupindwa, ambayo karibu kila motari anaiamini. Hiyo ni imani ya bure. Shirika la Marekani la anga, NASA, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu buloni na ekru, lilisema wazi kwamba rondele hiyo ikishabanwa mpaka ikalala, inabaki kuwa rondele ya kawaida tu, haizuii kitu. Kuna ekru yenye meno kama taji, inayopitishwa pini ya chuma laini na kupindwa. Hiyo ni dawa ya kweli kwa jambo moja: haiachi ekru itoke kabisa. Mvuto unaweza kupungua, lakini gurudumu halitakimbia peke yake.

Wenye ndege ndio walioharakisha mambo, kwa sababu ndege haina pembeni ya barabara pa kusimama. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Marekani iitwayo Elastic Stop Nut ilianza kuuza ekru yenye pete ndani ya mdomo wake. Pete hiyo haina mfuo, na tundu lake ni dogo kuliko buloni. Buloni inapoingia inajikatia njia kwa nguvu, na pete inaibana pande zote. Kwanza pete ilikuwa ya nyuzi ngumu zilizogandamizwa, baadaye ikawa ya nailoni. Katika Vita vya Pili vya Dunia ndege za Marekani zilizitumia kwa wingi. Wazee wa Walikale wanakumbuka jinsi, katika miaka ya 2000, ndege ndogo zilivyotua juu ya lami ya barabara huko Kilambo kubeba kasiteriti ya Bisie kwenda Goma. Kutua kwenye barabara ni mtikisiko mkubwa kuliko ule wa piki piki, na katika ndege ya namna hiyo haikubaliki ekru kuachwa bila kitu cha kuifunga.

Dawa nyingine inauzwa katika chupa. Mwaka 1953 Vernon Krieble, mwalimu wa kemia katika chuo cha Trinity mjini Hartford, Marekani, alitengeneza maji mazito yanayobaki maji kadiri yanavyopata hewa. Yakinyimwa hewa katikati ya buloni na ekru, yakiwa yamegusa chuma, yanakuwa magumu. Ndiyo ile Loctite. Hapa kuna jambo la kuwatetea wenye maduka: chupa ile haijazwi mpaka juu, na mnunuzi anaona ameibiwa. Hajaibiwa. Nafasi iliyobaki ni hewa inayozuia dawa isigande ndani ya chupa yake. Pale panapoweza kuleta ugomvi ni kwenye kuitumia, kwa sababu haishiki juu ya mafuta na matope. Buloni isiyosafishwa kwanza ni pesa iliyomwagwa chini.

Lakini dawa ambayo mtu wa Masisi angeitambua mara moja, hata kama hajawahi kushika kle, ilitoka Japani. Katsuhiko Wakabayashi, wa upande wa Osaka, alikuwa akiuza tangu miaka ya 1960 ekru yenye kibati cha resore ndani. Iliuzwa vizuri, mpaka wenye mashine za mtikisiko mkali wakaanza kulalamika kwamba nayo inalegea. Jibu alilipata kwenye hekalu la Sumiyoshi mjini Osaka, akitazama lango lake kubwa la miti. Pale miti inapokutana, maseremala walipigilia kabari.

Kabari! Kila mkulima anaijua. Shoka likianza kucheza kwenye mpini, halifungwi kwa kamba. Kinachongwa kijiti chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine, kinapigiliwa katika tundu, na shoka linatulia. Sababu ni kwamba kabari haiachi nafasi ya kuteleza upande, na upande ndiko Junker alikouona ugonjwa. Wakabayashi alifanya hivyo hivyo kwa chuma. Alitengeneza ekru mbili. Ya chini ina shingo iliyosogezwa kidogo isikae katikati, ya juu ina shimo la kuipokea. Ya juu ikikazwa, ile shingo inasukumwa upande na kugeuka kabari kati ya ekru na buloni. Mwaka 1974 alianzisha kampuni ya Hard Lock, na ekru zake zimefungwa kwenye reli za Shinkansen, treni za mbio za Japani.

Ekru mbili za kawaida, moja juu ya nyingine, ambazo mafundi wengi wanazitegemea, zinasaidia zikikazwa vizuri, ile ya juu dhidi ya ile ya chini. Zikiachwa bila kukaguliwa, si kinga. Tarehe 10 Mei 2002 treni iliacha reli kwenye kituo cha Potters Bar, Uingereza, na watu 7 wakafa. Wachunguzi walikuta ekru zimetoka pale reli zinapogawanyika. Nchi tajiri, reli nzuri, hakuna mashimo.

Ekru za Hard Lock si kitu cha kutafuta soko la Masisi. Ekru ya pete ya nailoni inapatikana, na mara nyingi piki piki mpya inakuja nayo kwenye gurudumu la nyuma. Shida ni kwamba barabara ya Goma ikikatwa na vita, vipuri havipandi, na ekru ile ile inafunguliwa na kurudishwa kila tairi linapotobolewa. Pete inachoka. Kuipima hakuhitaji chombo: ikishafika kwenye pete inatakiwa kukataa vidole na kudai kle. Ikiendelea kuzunguka kwa vidole mpaka buloni itokeze upande wa pili, pete imekwisha, na haifai tena kwa gurudumu wala kwa usukani. Inaweza kubaki kwa kushikia kibao cha namba. Karibu na bomba la moshi isiwekwe hata ikiwa mpya, kwa sababu nailoni inalainika kwenye joto la digrii 120 hivi. Hapo inafaa ekru ya chuma kitupu ambayo mdomo wake umebonyezwa kiwandani usiwe duara kamili. Mnunuzi asiyeijua anaweza kuirudisha dukani akisema imepondeka.