Fataki za Manza na Mikono Isiyo na Majina



Juma lililopita mzee mmoja wa hapa Kwashemshi aliniita nyumbani kwake baada ya Misa. Wajukuu wake, walipokuwa wakibomoa nyumba ya marehemu baba yake, walikuta darini kopo dogo lililoota kutu. Ndani yake mlikuwa na vikofia vya shaba, kila kimoja kidogo kuliko punje ya hindi, pamoja na vipande vichache vya risasi. “Baba Paroko,” akaniuliza, “hivi ni vitu gani? Watoto wanataka kuvichezea.” Nilimsihi asiviguse tena, asivigonge wala kuvitupa motoni, bali awaite polisi. Walikuja, wakavichukua. Lakini swali lake lilibaki nami njia nzima, na leo napenda kulijibu kwa kirefu kidogo.

Zile zilikuwa fataki. Bunduki za kale zaidi, zile za gumegume, ziliwashwa kwa cheche za jiwe lililogonga chuma. Cheche ilianguka kwenye baruti iliyowekwa pembeni mwa mtutu. Mvua ikinyesha, bunduki ilinyamaza. Na hata siku ya jua, ndege aliona mwako akaruka kabla risasi haijamfikia. Aliyeudhiwa na jambo hilo hakuwa askari, bali mchungaji wa Kanisa la Scotland, Alexander John Forsyth wa Belhelvie, aliyependa kuwinda ndege. Mwaka 1807 alipewa hataza ya njia yake ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Katika miaka ya 1820 kemikali ya namna hiyo ilitiwa ndani ya kikofia cha shaba, na kufikia miaka ya 1840 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakikitumia. Baadaye fataki ilipachikwa kwenye kitako cha ganda la risasi, na hapo ipo hata leo.

Kila Ulaya ilipobadili bunduki zake, za zamani zilitafutiwa soko kwetu. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingizwa kila mwaka. Katika bonde la Pangani, Wazigua walitangulia kuzipata. Alipofariki Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Usambara, katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, kando ya njia ya misafara, mahali ambapo pembe za ndovu na watumwa vilibadilishwa kwa bunduki na baruti. Kwa nguvu hiyo aliishambulia Vuga. Watu waliuzwa ili bunduki zinunuliwe, na bunduki zikanunuliwa ili watu wakamatwe.

Mwaka huo huo wa 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akipinga biashara hiyo ya aibu. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza bunduki za kisasa, pamoja na risasi na fataki zake, zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Bali gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango wazi, kwa masharti. Labda ndiyo maana watu walijifunza kuzificha fataki darini kama mbegu.

Lakini kisa cha fataki kinachonigusa zaidi ni cha Vita Kuu ya Kwanza, na kilianzia mkoani mwetu. Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens, iliyojisingizia kuwa meli ya Denmark, ilifukuzwa na manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilishambuliwa kwa mizinga, ikazama katika maji ya kina kifupi. Wajerumani, ambao njia zao za bahari zilikuwa zimefungwa, waliopoa humo bunduki na risasi kwa mamilioni.

Hata hivyo maji ya chumvi yalikuwa yamezipata, na risasi nyingi zilikataa kulia. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti isafishwe, fataki zilizoharibika zibadilishwe, kisha zifungwe upya. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba kwa bahati njema fataki zilipatikana humu humu nchini, na kwamba huko Moshi askari, wanaume na wanawake wote walioweza kupatikana walitumikishwa kazi hiyo kwa miezi mingi, asubuhi hadi jioni. Risasi zilizo nzima ziliwekwa akiba kwa ajili ya bombomu. Zilizofungwa upya, ambazo kati ya 100 kama 20 hazikulia, zilipelekwa vitani. Zilizokuwa mbovu zaidi zikatumika kwa mazoezi.

Tafakarini, wapendwa. Tunalijua jina la kamanda, tunalijua jina la meli. Hatulijui hata jina moja la mama aliyekaa akiwa na fataki vidoleni, kitu ambacho pigo dogo lingetosha kumkata mkono.

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka bonde la Pangani, yakatwaa Korogwe na Handeni. Vita viliendelea hadi Novemba 1918. Kwa hesabu yao wenyewe Waingereza walipoteza wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa, na wako watafiti wanaotaja idadi iliyo mara mbili.

Mchungaji Forsyth alitaka ndege. Mama wa Moshi pengine alitaka posho, au hakuulizwa anataka nini. Maovu makubwa hugawanywa vipande vidogo, hata kila aliyeshika chake asione kitu kizima. Kwa hiyo inafaa kila mmoja ajiulize: kazi hii ndogo niliyopewa, neno hili dogo nililotumwa nilipeleke, ni fataki ya bunduki ya nani?

Nilipokuwa nikiaga, yule mzee aliniambia kuwa babu yake alichukuliwa upagazi, akaenda asirudi. Kaburi lake hawalijui. Jina bado wanalitaja. Nami nawaombeni: kama nyumbani kwenu limebaki jina la aliyebeba mizigo au aliyefungua risasi katika vita vile, lileteni ofisi ya parokia. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, tutayasoma majina hayo altareni, moja moja.