Jina la Shule na Mpira Wake

Ng'ambo ya mto Potomac, kusini kidogo ya Washington, uko mji wa Alexandria katika jimbo la Virginia. Ni mji wa kale, lakini viunga vyake vilijaa nyumba mpya baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1965 ikafunguliwa huko shule ya sekondari ya umma iliyoitwa T. C. Williams. Thomas Chambliss Williams alikuwa msimamizi mkuu wa shule za mji ule kwa miaka mingi, naye alipinga kwa nguvu watoto weusi na weupe kusoma pamoja. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikata shauri mwaka 1954 kwamba utengano shuleni ni kinyume cha katiba. Hata hivyo shule za weupe za Alexandria hazikupokea mtoto mweusi mpaka Februari 1959, walipoingia tisa. Mwaka uliotangulia, mama mmoja mweusi, mpishi wa shule, alishiriki katika kesi kwa ajili ya wanawe. Williams akamfukuza kazi. Jina la mtu huyo ndilo lililowekwa juu ya mlango.

Watu wengi ulimwenguni waijua shule hii kwa filamu ya mwaka 2000, Remember the Titans. Filamu ile yataka tuamini kwamba vijana wa rangi mbili walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1971, na kwamba mpira ndio uliowapatanisha. Sivyo. Shule zote tatu kubwa za mji zilikuwa tayari na wanafunzi weusi, ila kwa hesabu zisizolingana. Mwaka ule wakuu wa mji waliamua kwamba wanafunzi wote wa madarasa mawili ya mwisho wasome T. C. Williams, na wadogo wao wabaki katika shule mbili nyingine. Basi wachezaji hodari waliokuwa wakishindana jana wakajikuta katika timu moja. Mtu asiyejua jambo hili atastaajabia bure ushindi wao.

Jambo gumu lilikuwa ukufunzi. Bill Yoast, mweupe aliyepata sifa katika shule ya Hammond, ndiye aliyetazamiwa na wengi. Akateuliwa Herman Boone, mtu mweusi kutoka North Carolina, na Yoast akakubali kuwa msaidizi wake. Hapa, nadhani, ndipo penye ujasiri wa kweli, kwa maana kukubali cheo cha chini mbele ya watu wako si kazi nyepesi. Boone akawapeleka vijana kambini Gettysburg, Pennsylvania, akawachanganya katika vyumba. Timu ilicheza michezo 13 bila kushindwa, ikauchukua ubingwa wa jimbo kwa kuifunga Andrew Lewis 27 kwa 0 mjini Roanoke. Gerry Bertier, nahodha mmojawapo, alipooza kwa ajali ya gari baada ya msimu kwisha, wala si kabla ya fainali kama filamu isemavyo.

Jina la Williams lilidumu juu ya mabao hayo yote kwa nusu karne. Boone na Yoast walifariki mwaka 2019, mmoja baada ya mwenziwe. Halmashauri ya shule iliamua mwaka 2020 kuliondoa jina hilo, na tangu Julai 2021 shule yaitwa Alexandria City. Timu zake zingali zaitwa Titans.