Mkonge, Homoni na Mafuta ya Ngozi

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: TEZI, HOMONI.

Ninyi mnaokaa karibu na mashamba ya mkonge mnaijua kazi ya korona. Majani yanaingia, nyuzi zinatoka. Lakini katika kila kilo 100 za majani, nyuzi hazifiki kilo 5. Yanayobaki ni maji na makapi. Je, yana faida? Tutaona.

Kwanza tutazame ngozi. Ndani yake mna vifuko vidogo sana viitwavyo tezi za mafuta. Mafuta yake hulainisha ngozi. Tezi hizi huamriwa na homoni, yaani vitu vitengenezwavyo na mwili na kuchukuliwa na damu, kama tarishi achukuavyo barua. Kijana akibalehe, homoni za kiume huongezeka. Hata msichana anazo, ila kidogo. Tezi hukua, mafuta huzidi, vitundu vya ngozi huziba, na chunusi hutokea.

Mwaka 1941 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alieleza habari za wanaume waliokosa homoni hiyo tangu utotoni. Hawakuwa na chunusi. Walipopewa homoni, baadhi yao walizipata. Basi chunusi si dalili ya uchafu wala ya tabia mbaya. Msimcheke kijana.

Sasa turudi kwenye mkonge. Mwaka 1948, huko Marekani, homoni nyingine iitwayo kortizoni ilimpa nafuu mgonjwa wa viungo. Lakini ilikuwa haba na ghali mno. Mwaka 1951 wataalamu wa Uingereza waliandika kwamba maji ya mkonge yana hekojenini, kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa kortizoni. Miaka iliyofuata, mashapo ya maji hayo yalisafirishwa kutoka Afrika Mashariki hadi Uingereza, na kampuni ya Glaxo ikayatengenezea dawa.

Dawa za ukoo huo husaidia wagonjwa wengi wa ngozi, zikipakwa kwa agizo la daktari. Lakini wako watu wanaozitia katika mkorogo ili wawe weupe. Wakizoea, ngozi huwa nyembamba, na chunusi huota. Kitu kilichotoka katika jani la mkonge huponya kikitumiwa kwa kipimo, na hudhuru kikitumiwa ovyo. Kabla ya kupaka, ulizeni zahanati.

Maswali ya darasa:
1. Ni nani huziamuru tezi za mafuta?
2. Kwa nini chunusi huanza wakati wa kubalehe?
3. Mkorogo una hatari gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.