Kristian Birkeland na Umeme wa Aurora

Kristian Birkeland alizaliwa mwaka 1867 mjini Christiania, Oslo ya leo. Mwaka 1896 alitoa hoja iliyotawala maisha yake yote: kwamba aurora, mianga inayocheza usiku katika anga la kaskazini, huwashwa na chembe za umeme kutoka kwenye Jua, ambazo sumaku ya Dunia huzielekeza kwenye ncha zake.

Vipimo vya kuthibitisha hayo visingepatikana mjini. Mwaka 1899 kituo kilijengwa juu ya mlima Haldde, kaskazini kabisa mwa Norwei, kama mita 900 juu ya bahari. Watu wake walikesha huko majira yote ya baridi, na mmoja wao akafa katika maporomoko ya theluji. Msafara wa 1902–1903 ulikuwa na vituo 4: Norwei, Iceland, Spitsbergen na Novaya Zemlya. Rekodi zilipolinganishwa, Birkeland alihitimisha kwamba aurora ikipamba moto, mikondo mikubwa ya umeme hushuka kutoka angani kwa kufuata sumaku ya Dunia, hupita juu ya ardhi, kisha hupanda tena.

Maabarani aliunda dunia ndogo: tufe lenye sumaku ya umeme ndani yake, likawekwa katika sanduku la kioo lililoondolewa hewa. Lilipopigwa na elektroni, pete za mwanga ziliizunguka kila ncha. Ni jaribio zuri mno, kwani lilionyesha hoja yake kwa macho.

Utafiti huo ulikula fedha nyingi. Ili kuzipata, Birkeland alibuni mzinga wa umeme, nao mwaka 1903 ukapiga shoti na kutoa moto mbele ya hadhara. Moto ule wa umeme ukazaa njia, aliyoikuza na mhandisi Sam Eyde, ya kunasa nitrojeni ya hewani na kutengeneza mbolea. Kampuni ya Norsk Hydro ilianzishwa mwaka 1905 kwa msingi huo.

Baadaye alikwenda Sudan na Misri kuchunguza mwanga hafifu uonekanao baada ya magharibi na kabla ya alfajiri. Alifariki Tokyo mwaka 1917, akiwa na miaka 49.

Hoja ya mikondo haikukubaliwa. Sydney Chapman wa Uingereza, aliyeheshimika sana, alishikilia kwamba mikondo hiyo haitoki nje ya angahewa, na kwa miongo mingi wengi walimfuata. Katika miaka ya 1960 setilaiti ya Marekani ilikuta misukosuko ya sumaku juu ya maeneo ya aurora, na katika miaka ya 1970 setilaiti Triad ikasaidia kuichora mikondo yenyewe, ikishuka na kupanda. Leo inaitwa mikondo ya Birkeland.