Maziwe: Kisiwa Kilichogeuka Fungu

Lugha yetu hutenga kisiwa na fungu. Kisiwa hukaa juu ya maji siku zote; fungu ni mchanga uonekanao maji yakipwa, na yakijaa hufunikwa. Maziwe, kusini mashariki ya Pangani, tulikiita kisiwa kwa haki, maana kilikuwa na mivinje na mchanga mkavu, na kasa na ng'amba walitaga huko. Serikali ilikifanya hifadhi ya bahari. Sababu za kuliwa kwake zatajwa nyingi; sisi twaona iliyo kubwa ni kukatwa kwa miti, kwa kuwa mizizi ndiyo iliyoushika mchanga. Hata ilipofika miaka ya 1980 halikubaki jani.

Kasa hawakupata habari. Hurudi vilevile, wakachimba na kufukia mayai, kisha maji hujaa na mayai yakafa maji. Kwa hiyo wahifadhi huyafukua upesi, wakayavusha hata pwani ya Ushongo, yaanguliwe huko.

Wenyeji wangali wakisema “kisiwa”, nasi hatuwasahihishi. Ila mwalimu achorapo ramani ya Pangani, Maziwe na akiandike kwa nukta, kama yaandikwavyo mafungu.