Kijani cha mlangoni: jinsi programu zilivyofundishwa kupimana

Tangu Ijumaa ya tarehe 22 Mei 2020, kila raia na mkazi wa Qatar aliyetoka nje ya nyumba yake alitakiwa awe na Ehteraz kwenye simu, programu ya serikali ya kufuatilia maambukizi ya korona. Aliyekaidi angeweza kufungwa hadi miaka 3, kutozwa faini isiyozidi riyali 200,000, au vyote viwili. Huko Abu Hamour, mtaa wa kusini mwa jiji la Doha, utaratibu ulikuwa uleule kwenye milango ya Dar Al Salam Mall na kwenye maduka ya jirani: simu mkononi, skrini juu, mlinzi atazame rangi. Kijani, pita. Kijivu, unashukiwa. Njano, uko karantini. Nyekundu, umeambukizwa. Walinzi wengi wa Doha ni vijana kutoka Kenya na Uganda, hivyo si ajabu mtu wa Afrika Mashariki kufunguliwa mlango kwa "pita tu, kaka".

Siku moja kabla ya amri hiyo kuanza kutumika, maabara ya usalama ya Amnesty International iliwaarifu wakuu wa Qatar kwamba seva ya Ehteraz ilikuwa na tundu. Programu ilipotaka kuonyesha mraba wa QR wa mtumiaji, ilituma namba ya kitambulisho, na seva ikarudisha majibu bila kuuliza anayeomba ni nani. Ndani ya majibu hayo mlikuwa na jina, hali ya afya na mahali ambapo aliyewekwa karantini alitakiwa kukaa. Taarifa za watu zaidi ya milioni 1 zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye nia. Tundu lilizibwa haraka: majina na mahali viliondolewa kwenye majibu ya seva, kisha likaja toleo jipya lililoongeza hatua ya kuthibitisha mwombaji.

Mtu atasema, namba ya kitambulisho nani ataijua? Hebu tazama namba yenyewe. Kitambulisho cha Qatar kina tarakimu 11. Ya kwanza ni karne ya kuzaliwa: 2 kwa waliozaliwa karne ya 20, 3 kwa waliozaliwa karne hii. Mbili zinazofuata ni mwaka. Tatu za katikati ni nchi: 404 ni Kenya, 834 ni Tanzania, 800 ni Uganda. Zinabaki 5 tu za mwisho, ambazo ni namba ya mfululizo. Ukitaka Wakenya wote wa Qatar waliozaliwa mwaka 1990, unaandika 290404, kisha unaiachia kompyuta ijaribu kuanzia 00000 hadi 99999. Kwa kompyuta hiyo si kazi.

Mlinzi wa Abu Hamour asingeweza kulijua jambo hilo. Yeye aliwekwa mlangoni apime kinachoonekana kwenye kioo, na kioo kilikuwa sahihi: rangi ilitokea, mraba ulisomeka, foleni ikasonga. Kasoro ilikaa chini kabisa, mahali ambapo jicho la mlangoni halifiki. Na hapo ndipo penye swali ambalo watengenezaji wa programu wamekuwa wakilipigania kwa zaidi ya nusu karne: wapimaji wapangwe wapi, na kila mmoja apime nini?

Katika miaka ya 1950 na 1960 aliyeandika programu ndiye aliyeipima, kwa kuiendesha na kutazama kama imetoa jibu alilolitarajia. Mwaka 1979 Glenford Myers, mhandisi aliyekuwa IBM, alitoa kitabu cha The Art of Software Testing kilichogeuza lengo la kazi hiyo. Kwake, mpimaji huingia kazini kutafuta kosa; anayeingia kuthibitisha kwamba programu inafanya kazi ameshashindwa kabla hajaanza, kwa sababu ataona anachotaka kuona. Kitabu kinaanza na zoezi dogo. Kuna programu inayopokea namba tatu na kusema kama pembetatu yake ina pande zote sawa, pande mbili sawa, au haina pande zilizo sawa. Ipime. Kisha Myers anamuuliza msomaji maswali 14: je, ulijaribu namba hasi? Sifuri? Namba tatu ambazo haziwezi kabisa kuunda pembetatu? Kwa maelezo yake, waandishi wa programu wenye uzoefu walipata wastani wa 7.8 kati ya 14. Zoezi hilo halijazeeka. Mpe kijana yeyote anayejiita fundi wa kompyuta leo, iwe Nairobi au Doha, utaona.

Upimaji wa namna hiyo ulikuwa wa mikono, na mkono huchoka. Mwaka 1994 Kent Beck, Mmarekani aliyekuwa akiandika kwa lugha ya Smalltalk, alichapisha makala fupi iliyoeleza jinsi ya kuandika majaribio kama sehemu ya programu yenyewe: kila jaribio liandae mazingira yake, lifanye tendo moja, lilinganishe matokeo na yaliyotarajiwa. Miaka mitatu baadaye, Beck na Erich Gamma wa Uswisi walikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, wakielekea mkutano wa wataalamu. Safari ni ndefu, na walikuwa na kompyuta. Wakaketi pamoja wakaihamishia fikra ile kwenye lugha ya Java. Hiyo ndiyo JUnit, na sidhani kama kuna safari nyingine ya ndege iliyoacha alama kubwa hivyo kwenye fani hii. Iliwapa waandishi mstari mmoja kwenye skrini: majaribio yote yakipita unakuwa kijani, moja likianguka unakuwa mwekundu. Ndugu zake zikaenea kwenye karibu kila lugha ya kompyuta, na Gerard Meszaros akakusanya taratibu za kuandika majaribio hayo mwaka 2007 katika kitabu kinene ambacho wengi wanakinunua na wachache wanakimaliza.

Tunda la JUnit lililo karibu nasi zaidi liko Eldoret. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji huo, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, mfumo ule mdogo ukazidiwa. Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari kutoka Indiana, walianza mwaka 2004 kubuni mwingine, wakiungana na Hamish Fraser aliyekuwa na tatizo hilohilo kwenye miradi ya shirika la Partners in Health. Ukaitwa OpenMRS, ukaandikwa kwa Java, na mwaka 2006 ukaanza kazi Eldoret na kisha Rwinkwavu, Rwanda. Leo umeenea katika nchi nyingi.

Kinachonivutia kwenye OpenMRS ni kwamba majaribio yake, yaliyoandikwa kwa JUnit, yako wazi kwenye intaneti, jirani na programu yenyewe. Ukiyafungua utakuta faili yenye kliniki ya kubuni: wagonjwa wa uongo, ziara za uongo, dawa za uongo. Mgonjwa mmoja anaitwa Horatio Test Hornblower, jina lililoazimwa kwa nahodha wa riwaya za Kiingereza. Kabla ya jaribio kuanza, kliniki hiyo hupakiwa kwenye hifadhidata ndogo inayoishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tu. Jaribio likiisha, kila kilichobadilishwa hufutwa, ili linalofuata lianze na kliniki ileile. Bwana Hornblower huyo ameandikiwa dawa na kufutiwa, ameunganishwa na faili za wengine na kutenganishwa, mara zisizohesabika, na kila safari huamka bila kumbukumbu ya jana. Muuguzi wa Eldoret hatamwona kamwe kwenye orodha yake.

Mpangilio wa aina hii una gharama. Ni kazi ngumu kuuandika, na hauonyeshi kitu cha kumpigia bosi picha. Ndiyo maana kampuni nyingi zilipoanza kutumia majaribio yanayojiendesha zilikimbilia kwenye skrini. Mwaka 2004 Jason Huggins, akifanya kazi ThoughtWorks mjini Chicago, alichoka kubonyeza vitufe vilevile kila programu ya ndani ya kampuni ilipobadilishwa, akatengeneza chombo cha kuviamuru vivinjari vibonyeze vyenyewe. Akakiita Selenium, kwa utani dhidi ya mshindani aliyeitwa Mercury, yaani zebaki: selenium huaminika kupunguza sumu ya zebaki. Simon Stewart alitengeneza WebDriver, vyombo hivyo viwili vikaunganishwa, na mwaka 2018 njia ya WebDriver ikapitishwa kuwa kanuni rasmi ya wavuti.

Kuona kivinjari kikijibonyeza chenyewe ni burudani, na burudani hiyo iliwaponza wengi. Mbuni wa kurasa akibadili neno "Ingia" kuwa "Endelea", majaribio yote yanayopitia ukurasa huo huanguka kwa pamoja, ilhali hakuna kilichoharibika. Dawa iliyopatikana ni ya kimpangilio: kila ukurasa upewe kipande chake cha msimbo kinachojua vitufe vyake vilipo, na majaribio yazungumze na kipande hicho, yasiguse vitufe moja kwa moja. Neno likibadilika unarekebisha mahali pamoja. Martin Fowler ni miongoni mwa walioeneza utaratibu huo. Unasaidia sana, lakini haujibu swali la mlinzi, kwa kuwa bado unapima kioo.

Mike Cohn alilijibu mwaka 2009 kwa mchoro wa piramidi. Chini kabisa, majaribio mengi madogo ya kipande kimojakimoja cha programu, yanayokwisha kwa sekunde. Katikati, majaribio ya huduma, yanayozungumza na seva bila kupitia skrini. Juu, machache tu ya skrini. Miaka michache baadaye Alister Scott akachora hali aliyoikuta kazini: piramidi iliyopinduliwa, kichwa kizito cha majaribio ya skrini na ya mikono juu ya msingi mwembamba, akaifananisha na koni ya aiskrimu. Wengine wamependekeza maumbo tofauti; Kent C. Dodds, mwaka 2018, alichora kombe lenye tumbo pana la majaribio ya sehemu zinazofanya kazi pamoja. Mabishano kuhusu maumbo hayajaisha, na kwa maoni yangu yamekula muda mwingi kuliko thamani yake. La maana ni lile tabaka la katikati, ambalo kila mchoro unalo na miradi mingi haina.

Wakenya waliliona pengo la tabaka hilo wakiwa mbele ya televisheni. Baada ya kura ya tarehe 4 Machi 2013, skrini za Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura, zilionyesha kura zilizokataliwa zikipita 300,000. Wakati huo kulikuwa na ubishi mkali kama kura hizo zihesabiwe katika kupata asilimia 50 ambayo mshindi wa urais alitakiwa kuivuka, kwa hiyo kila tarakimu ilikuwa moto. Kisha tume ya uchaguzi, IEBC, ikaeleza kwamba programu yake ilikuwa na hitilafu iliyozidisha kura hizo mara 8. Hesabu ya mwisho ilikuwa karibu 109,000. Jaribio la kulikamata kosa hilo lingechukua dakika chache kuandikwa: ingiza fomu ya kituo kimoja cha kubuni yenye kura 5 zilizokataliwa, uliza jumla upande wa pili, itoke 5. Ikitoka 40, simamisha kazi.

Jaribio ambalo lingeliona tundu la Ehteraz nalo ni fupi. Dan North, wakati akifundisha waandishi wa programu huko London mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipendekeza majaribio yaandikwe kwa sentensi za kawaida ambazo hata asiyejua msimbo atazielewa: hali ilivyo, tendo, matokeo. Aslak Hellesøy wa Norwei akatengeneza Cucumber mwaka 2008 ili kompyuta iweze kuziendesha sentensi hizo. Kwa mtindo huo tungeandika hivi. Ikiwa Juma na Achieng wote wamesajiliwa. Pindi simu ya Juma inapoiomba seva taarifa kwa namba ya Achieng. Basi seva ikatae, na lisitoke hata jina. Ni jaribio la katikati ya piramidi na la aina aliyoisisitiza Myers, lenye nia ya kuvunja. Halihitaji skrini wala rangi.

Ehteraz iliacha kudaiwa kwenye milango mingi ya Qatar tarehe 1 Novemba 2022, wiki tatu kasoro kabla ya Kombe la Dunia. Programu za lazima hazikuondoka nayo. Mkazi wa Abu Hamour hushughulikia vibali kwenye Metrash. Ndugu zake wa Nairobi hupata huduma za serikali kwenye eCitizen, na wa Dar es Salaam hulipa serikali kwa namba za GePG. Hakuna kati yao aliyepewa nafasi ya kuchagua programu nyingine. Serikali zinazotulazimisha kutumia programu zichapishe na majaribio yake, angalau ya tabaka la huduma, watu wenye ujuzi wayasome na kuuliza lile ambalo halikupimwa. Wa OpenMRS wamefanya hivyo kwa karibu miaka ishirini, kwa mfumo unaobeba siri za wagonjwa wa UKIMWI.